Mwalimu Udongo na Picha ya Bwawa

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wanafunzi wake wa zamani, mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkulima wa mboga, akaanza shule ya msingi Januari 1966, na kwa ushahidi wa dada yake mkubwa, hakuna ukuta wa nyumba yao uliosalimika na mkaa wake.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1981, na tarehe 4 Januari 1982 akaajiriwa kufundisha sanaa katika sekondari aliyodumu nayo hadi kustaafu, ambako, kwa kuwa rangi za dukani zilikuwa adimu, aliwafundisha wanafunzi kusaga rangi za udongo, majani na mkaa, nao wakambandika jina la Mwalimu Udongo. Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1987 na wa kike mwaka 1990, na mkewe alilalamika hadi juzi kwamba hajawahi kuona kucha za mumewe zikiwa safi.

Kila mwaka aliwapa kidato cha tatu zoezi moja, Mahali Pangu, kila mmoja atoke nje, atafute mahali anapojisikia kwao, achote rangi palepale, apachore naye mwenyewe akiwemo.

Yanayofuata aliagiza yasomwe leo. Ijumaa tarehe 9 Mei 2003, binti wa miaka kumi na sita alileta picha ya bwawa lililo nyuma ya shule, na mwalimu, akiwa na picha arobaini za kusahihisha, aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba hajajichora, akamrudishia. Kesho yake binti alirudi bwawani peke yake kuchora upya, ukingo ulikuwa umelowa mvua, akateleza, akafa maji. Jumatatu, alipoitundika darasani picha ile, iliyokutwa kwenye dawati la binti, kwa ajili ya waliokuja kuomboleza, ndipo mwalimu alipouona uso, mdogo kuliko ukucha, ndani ya maji, katikati ya matete, uso wa mtu aliyeinama kujitazama. Alikuwemo tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo hakushika tena kalamu nyekundu, alizunguka nyuma ya soko asipite mlangoni kwa mama wa binti, na uso ule aliuona kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye chai, hata mkewe akazoea kumpa kikombe chenye kifuniko.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, akalazwa mara tatu, akiwakatalia wauguzi beseni la kunawia, na akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Jana familia ilikwenda kwa mama yule kuomba ruhusa ya kusoma haya. Alisema uso wa mwanawe aliuona siku ileile picha ilipotundikwa, akajua mwalimu naye ameuona, na kwa miaka ishirini na moja alikuwa akimngoja aje, si ili amlaumu, bali wakae wamzungumzie huyo mtoto, maana wengine wote walikuwa wameshaacha kumtaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake, na mama huyu, aliyeketi hapa pamoja na mjane. Mwalimu, inatuuma kwamba hukupiga hodi. Pumzika kwa amani.