Kaburi Langoni pa Zizi

Basi lilipoiacha Igawa, mzee Sayi, mfugaji wa Usangu, alikuwa keshamweleza jirani yake wa kiti shida yake yote. Mimi nyuma yao nilijifanya nimelala, maana hapo ndipo mtu husikia vizuri. Mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali anautaka, na sifa anazo, ila afisa aliyekuja kukagua kaona kaburi la baba yake langoni pa zizi. Akasema kiwanja hakiwezi kuwa dhamana mpaka kaburi lihamishwe.

"Sisi Wasukuma mwenye mji tulimzika hapo," alisema mzee, "asikie ng'ombe wakitoka."

Jirani huyo, Mama Tekla wa Tosamaganga, alicheka kwa huruma. "Kwetu nyumba ilijengwa kwa ulanzi, pombe ya mianzi. Baba aligema, majirani wakaja kupanga matofali, jioni wakanywa na kuimba. Nani aliulizia dhamana? Lakini siku zile zimekwisha, baba. Mhamishe, wajukuu walale pakavu. Kwanza hao ng'ombe wako wapi?"

"Waliisha. Ila kila asubuhi natikisa kengele ya fahali wetu pale langoni, baba asije akadhani tumehama."

Basi lilipofika kituo cha Ipogolo, Mama Tekla alikusanya mizigo yake.

"Mhamishe tu," alimwambia mzee aliponyanyuka kushuka. "Atakuelewa."

"Atanielewa, mama. Lakini kesho yake kengele nitaitikisa wapi?"

Konda, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, alifungua mlango.