Darasa la Kuazima: Kumuaga Mwalimu Methodius Ndyamukama wa Rwensinga

Waheshimiwa mapadri, walimu wenzangu, wazazi wa Rwensinga, nanyi watoto mlioketi huko nyuma:

Ifikapo tarehe 31 Desemba, mwaka huu wa 1956, Mwalimu Methodius Ndyamukama atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika shule ya kigango chetu, na siku hiyo atastaafu. Walimu wa parokia wamenipa heshima ya kuandika wasifu wake na kuusoma mbele yenu. Desturi ya maandishi ya namna hii ni kuwachangamsha wasikilizaji. Nitajitahidi. Lakini hakuna hata mmoja hapa asiyejua kwamba Januari mlango huu hautafunguliwa, na sitawadharau kwa kujifanya kwamba hatujui.

Mwalimu Ndyamukama alizaliwa Kaisho, katika mji wa wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma kwa mapadri, kisha akafunzwa ukatekista kwa miaka miwili, na mwanzoni mwa 1926 akatumwa hapa Rwensinga na ubao mmoja, katekisimu moja na boksi la chaki. Hapakuwa na jengo. Alifundishia chini ya paa la nyasi ambalo Jumapili lilikuwa kanisa na siku nyingine lilikuwa shule, na mvua ilipozidi lilikuwa zizi la mbuzi wa jirani. Marehemu Mzee Kashaija, mwenye ng'ombe wengi kuliko sote, alikuwa akipita na kumtania: "Mwalimu waitu, Mwalimu wetu, hao mbuzi nao wameingia darasa la ngapi?" Siku moja Mwalimu akamjibu kwamba wako darasa la kwanza, ila wanawahi kuliko watoto wake. Kesho yake watoto wa Kashaija waliwahi.

Siku zile hakuna aliyeuliza cheti. Mtu aliyejua kusoma na asiyelewa pombe ya rubisi kabla ya saa sita alitosha kuwa mwalimu. Baadaye serikali ikatangaza kwamba shule itakayosaidiwa ni ile yenye walimu waliothibitishwa, na njia za kuthibitishwa zikawa mbili. Kijana aliweza kwenda chuo cha ualimu, asome miaka yake, afanye mtihani, arudi na cheti. Mwalimu aliyekwisha kuwa kazini, mwenye mke na watoto kama huyu wetu, aliruhusiwa kufanya mtihani wa kuandika bila kwenda chuoni, kisha afundishe somo moja mbele ya mkaguzi. Mkaguzi akiridhika, cheti kinatoka. Asiporidhika, mtu anabaki kuitwa msaidizi.

Mwalimu Ndyamukama aliushinda mtihani wa kuandika. Mkewe, Mama Xaveria, aliyepo hapa, alizoea kuwaambia wenzake kisimani: "Nyinyi mmeolewa na waume, mimi nimeolewa na mwanafunzi." Lilibaki lile somo moja tu. Mwaka 1934 ikaja habari kwamba mkaguzi atafika Rwensinga.

Wazazi wangu, mniwie radhi kwa nitakayoyasema. Mnayajua, na wengine mliyatenda kwa mikono yenu. Nayasema kwa sababu wasifu wa mtu huyu hauwezi kuandikwa bila hayo.

Huku kwetu mgeni wa heshima akikaribia mji wa mtu mwenye ng'ombe wachache, majirani humsogezea ng'ombe wao kabla jua halijazama, ili mgeni akute zizi limejaa na chungu cha maziwa kinafurika. Hakuna anayeuita huo udanganyifu. Aibu ya jirani ni aibu ya kilima kizima, na kesho yake kila ng'ombe hurudi kwao bila neno. Basi Mzee Kashaija aliwakusanya wazazi akawaambia: "Mgeni mkubwa haonyeshwi zizi la ndama. Tumwazime Mwalimu watoto wanaokamuliwa."

Wakamwazima. Asubuhi ile Mwalimu alikuwa ametangulia njiani kumpokea mkaguzi, akaingia naye darasani kwa wakati mmoja. Alipoinua macho hakuliona darasa lake la pili. Kwenye magogo ya mbele waliketi vijana waliokwisha kumaliza darasa la nne miaka kadhaa kabla ya hapo, wamekunja magoti hadi kidevuni ili waonekane wadogo. Wenye darasa lao walikuwa wamefichwa migombani na kuamriwa wasikohoe.

Angeweza kusema palepale, "Bwana, hawa si wangu." Lakini wazazi walikuwa wamesimama nje ya ukuta wa matete, wamevaa nguo za Jumapili, wanasikiliza. Aligeuka, akaandika hesabu ya kugawanya ubaoni, akaanza somo. Darasa lilijibu kabla swali halijaisha. Alipouliza maharage ishirini na manne wakigawana watu sita kila mmoja atapata mangapi, huko nyuma sauti nzito ikajibu na kuongeza kwamba wakiwa wanane yatatosha pia.

Mkaguzi akamwendea mwenye sauti ile. Alikuwa Mutalemwa, ambaye leo ni mwalimu mkuu kule Muleba na ameniruhusu nimtaje.

"Wewe uko darasa la ngapi?"

"La pili, Bwana."

"Na mkeo, yuko darasa la ngapi?"

Mutalemwa, aliyelelewa asimwongopee mkubwa zaidi ya alivyotumwa, akajibu kwa adabu: "Yeye hasomi, Bwana. Amebaki na mtoto."

Mnacheka, na hata Mwalimu hucheka likisimuliwa. Siku ile hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyepanga jambo lile. Nje, Mzee Kashaija alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Mwalimu Ndyamukama akasema: "Darasa ni langu, Bwana." Hakuongeza neno, wala hakuongeza baadaye. Ikaandikwa kwamba amedanganya, na njia ile ikafungwa kwake.

Akabaki msaidizi. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo parokia yetu inaijua kuliko nyingine zote. Kwa kuwa yeye hawezi kupita, aliamua kupitisha. Kila mwaka aliwachagua vijana waliofaa kwenda chuo cha ualimu, akakaa nao jioni kibarazani kwake, akawafundisha namna ya kuanza somo, namna ya kuuliza swali na kuvumilia ukimya wa mtoto anayefikiri. Aliwasimamisha mbele ya watoto wake mwenyewe wafundishe, naye akiketi nyuma akijifanya mkaguzi, amekunja uso, mguu mmoja juu ya mwingine. Kokuhirwa, msichana wa kwanza wa kilima hiki kupata cheti cha ualimu, husema kwamba mkaguzi wa kweli alipokuja chuoni hakumwogopa, kwa sababu hakuwa mkali kama yule wa kibarazani. Yupo kijana wetu mwingine ambaye sasa yuko Makerere, akisomea ualimu katika chuo kikubwa kuliko vyote tunavyovijua. Njia yote hiyo, kutoka gogo la Rwensinga hadi Makerere, ilianzia kwa mtu asiyeruhusiwa kuikanyaga.

Wote hao walipata vyeti. Na wote, baada ya kuvipata, walipangiwa au walichagua shule za mbali na hapa: Bukoba, Muleba, Kihanga. Siwalaumu. Mwenye cheti hupewa nyumba ya bati na madaftari ya kutosha, na Rwensinga haina vyote viwili. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 1953 mlango ukafunguliwa tena kidogo. Ilitangazwa kwamba wasaidizi wakongwe watajaribiwa kwa mara ya mwisho, na yaliyopita hayatahesabiwa. Mwalimu alikuwa na mvi tayari. Alikwenda mafunzo ya likizo, akaketi benchi moja na vijana aliowafundisha herufi, nao wakimwamkia shikamoo kila wanapotaka kuazima wino wake. Alirudi ameburudika. Mama Xaveria anasema alikuwa akifanya mazoezi ya somo lake mbele ya kuku. Somo lenyewe lilikuwa mto Kagera: unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi. Alifinyanga mfano wake kwa udongo juu ya ubao, na mabonde yetu yote yamo.

Mara hii hakuna aliyefikiri kumwazima mtu yeyote. Wazazi walikuwa wamebeba ile aibu ya kwanza kwa miaka yote hiyo, na Mzee Kashaija aliibeba kuliko wote. Alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema: "Watoto wetu walimharibia Mwalimu. Safari hii asiwepo hata mmoja wa kumharibia. Anayepimwa ni yeye, watoto wa nini? Bwana amkute peke yake na elimu yake." Wazazi wakaona ni neno la busara. Siku ya mkaguzi watoto wote wa Rwensinga walipelekwa ng'ambo ya bonde kuchunga, na wasioweza kuchunga wakaingizwa kwenye mibuni kuchuma kahawa.

Mwalimu aligonga kengele. Ninyi mnaijua kengele yetu, ile rimu ya gurudumu inayoning'inia mlangoni, na inasikika hadi kisimani. Aligonga tena. Mkaguzi huyu wa pili alikuwa mtu mpole. Aliketi kwenye gogo, akautazama ule mto wa udongo, akausifu. Alingoja kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Mwisho akasimama akasema kwa masikitiko: "Mwalimu, siwezi kupima somo lisilo na wanafunzi." Alikuwa na shule nyingine za kufikia kabla ya mvua. Akaondoka.

Vumbi la njiani lilipotulia, Mzee Kashaija akatokea migombani, amebeba kibuyu cha rubisi na kikapu cha kahawa ya kutafuna, uso umekunjuka kama wa bwana harusi. "Mwalimu waitu, tulikuachia uwanja! Je, umeshinda?"

Mwalimu Ndyamukama alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa. Akasema: "Nashukuru, Mzee. Nashukuru sana."

Tulipoupata ukweli majuma machache baadaye, kwamba somo halikupimwa na cheti hakipo, kijiji kizima kilifunga mdomo kwa ajili ya yule mzee. Walimpongeza Mwalimu kila Kashaija alipokuwa karibu. Hata padri alipofika kigangoni alimwita "mwalimu mwenye cheti" kwa sauti ya kusikika, na sidhani kama aliliungama hilo. Masika yaliyopita tulimzika Mzee Kashaija. Alikufa akiamini kwamba zizi la Mwalimu wake limejaa.

Sasa amri mpya imefika, kwamba kuanzia Januari hakuna asiye na cheti atakayesimama darasani katika shule zinazosaidiwa. Mwalimu wetu pia umri umemfikia, kwa hiyo tunaweza kukiita kitendo hiki kustaafu, na neno hilo lina heshima yake. Tuliomba mwenye cheti aje kushika nafasi. Tuliwaomba hata wale waliotoka kibarazani kwake. Wengine walijibu kwa machozi, lakini walijibu hapana. Wakubwa kidogo kati yenu, watoto, mtakwenda Kaisho kwa miguu. Wadogo watabaki na mbuzi. Nilitaka niwape neno la faraja hapa. Nimelitafuta kwa uaminifu na sikulipata. Amri hiyo si mbaya. Mtoto anastahili mwalimu aliyethibitishwa. Wazazi hawakuwa wabaya, walimpenda. Mwalimu hakukosea somo hata moja. Na pamoja na hayo yote shule inafungwa.

Kwa niaba ya parokia na walimu wote wa Karagwe, tunamshukuru Mwalimu Methodius Ndyamukama. Tunamshukuru Mama Xaveria, aliyewalisha ndizi na maharage wanafunzi wa kibarazani bila kuuliza watarudi lini. Mwalimu, nenda kwenye migomba yako salama. Mvua ikukute umekwisha kupanda, mibuni yako izae, na usingizi wako usikatishwe na kengele.

Sasa nakuomba jambo moja kabla hatujaketi kula. Ulipoingia hukutazama nyuma, kwa kuwa tulikuketisha mbele pamoja na wageni. Geuka, Mwalimu. Magogo yote yamejaa. Nimewauliza mmoja mmoja mlangoni: hakuna aliyeazimwa, na hakuna aliyefichwa. Wote ni wako, wako kimya, wanakungoja uanze.

Mkaguzi hatakuja tena.