Wimbo Uliokataa Kuisha

Mimi nilikuwepo, na atakayewaambia vingine hakuwepo. Jumapili alasiri nilikuwa ukumbini, kiti cha pili kutoka mlangoni, na Jumatatu asubuhi nilikuwa kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya duka la kinyozi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Nyuzi Sita kwa sababu ya gitaa lake, na ndiye kiongozi wa bendi ya mtaa. Bendi ile haina karatasi wala saa, ina kichwa cha Nyuzi Sita. Akikiinamisha, wimbo umekwisha. Jumapili, siku ya kufungua ukumbi mpya, hakukiinamisha. Wimbo wa tatu ulikwenda dakika thelathini na nane, mpaka kijiti cha ngoma kikavunjika na wapigaji wakanyamaza mmoja mmoja, kama watu waliofumaniwa.

Jumatatu hiyo Nyuzi Sita alikaa mwisho wa benchi akinoa wembe uliokwisha kunoleka tangu alfajiri. Sababu ya wimbo kutoisha aliijua. Jumapili ile binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi, mtoto mgongoni. Binti huyo alikuwa hajamsemesha miaka minne, tangu baba mtu, aliyepiga harusi za mtaa mzima, alipokataa kupiga ya bintiye, eti bwana harusi hana mwelekeo. Wimbo ukiisha, alijiambia, mwanangu ataondoka. Ukaisha, akaondoka. Hayo hakumwambia mtu, lakini mimi nina macho.

— Hebu nione mikono, alisema Mama Birika, muuza kahawa.

Gundi, fundi viatu na mpiga ngoma wa bendi, akanyoosha viganja vilivyofungwa vitambaa.

— Umeona? Leo nashona kwa meno. Huyu bwana alitaka kuniua.

— Usimsingizie, alidakia Koki, fundi bomba, ambaye hajawahi kukosa jibu. Ile ni shingo. Hewa iliingia, ikaziba. Mimi nimeyaona mabomba mangapi?

— Shingo ina bomba? aliuliza Gundi.

— Yapo mawili! Moja la chakula, moja la kukubali.

— Toka hapa! Mtu alilala yule. Macho wazi, vidole vinafanya kazi. Nimeshamwona akimnyoa mteja hivyohivyo.

— Mteja gani?

— Wewe.

Koki akajipapasa kisogo. Nyuzi Sita akachekea puani, akageuza wembe upande wa pili. Alitamani mmoja wao aulize habari za mlangoni, na aliomba Mungu wasiulize.

— Wote hamjui kitu, alisema Mama Birika. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na hotuba. Kurasa kumi na moja, nilimwona nazo kwapani. Zamu yake ilikuwa baada ya wimbo ule. Huyu baba ametuokoa.

— Umeniwahi, mama! Koki alisimama kabisa. Ila si hotuba tu. Ukumbi ule nimepita chini yake na mabomba yangu, nguzo zake nazijua. Muziki ndio uliokuwa umeushikilia! Kijiti kilipovunjika hamkusikia paa likilia?

— Aliyelia ni mimi, alisema Gundi.

Wakiwa katika kucheka, akatokea kijana mmoja, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni. Benchi zima halikumjua, isipokuwa mtu mmoja. Nyuzi Sita aliyatambua yale masikio, maana alishayasema vibaya mbele ya ukoo mzima.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, karibu ukae, alisema Mama Birika.

Hakukaa. Alimtazama kinyozi, kisha akavitazama viatu vyake mwenyewe.

— Nimetumwa na mke wangu. Mtoto amegoma kulala. Tunamwimbia ule wimbo wa jana, tukifika pale ulipokatikia, analia, anataka tuumalizie. Mama yake anauliza, unaishaje?

Koki akamgeukia Gundi ampe jibu, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa. Gundi, aliyeupiga wimbo ule miaka tisa, alikuna kidevu kwa kitambaa. Kila siku ulikuwa unaishia mahali pengine.

— Hausemeki kwa mdomo, alisema Nyuzi Sita. Unataka gitaa.

— Basi njoo nalo, baba.

Wembe ukabaki juu ya benchi. Kinyozi aliingia dukani akatoka na gitaa bila mfuko wake, aproni bado kiunoni.

— Mnakaa wapi siku hizi?

— Mtaa wa pili tu, nyuma ya karakana ya magodoro.

Nyuzi Sita alisimama kidogo, kama mtu anayehesabu hatua alizoshindwa kuzipiga miaka minne. Halafu akamfuata mkwewe. Walipofika kona aligeuka, akatupungia mkono.

Hilo la kupunga mkono nimelitia mimi. Hakugeuka hata kidogo.