Kitabu cha Mtendaji Kilichonishtaki na Kutuokoa

Alhamisi, tarehe kumi na sita. Upepo wa mashariki toka asubuhi, vumbi hadi ndani ya mtungi, wingu hakuna.

Mchungaji ameniambia ushuhuda wangu wa Jumapili niuandike kwanza, maana nikishika kipaza sauti natetemeka na kuruka mambo. Basi nauandika humu kwenye daftari langu la siku zote. Mimi niliishia darasa la saba. Mkiona mahali pamepinda, mpindaji ni mimi, si Bwana.

Ndugu zangu, Mungu wetu ni wa kuogopwa! Nawasalimu katika jina la Yesu aliye hai.

Wengi mnanijua, Mama Tabitha, katibu wa shirika letu la akina mama hapa Mungaa. Kwa wageni niseme kwamba tuna bweni dogo karibu na sekondari. Wanalala humo wasichana wa vijiji vya mbali, wasitembee porini kabla jua halijatoka na baada ya kuzama. Mwaka huu wako kumi na mmoja. Tulipoandikishwa kama shirika tulipewa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba kila mwaka tupeleke taarifa ya kazi zetu kwa Msajili wa mashirika, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani.

Sasa sikieni kosa langu. Masharti yalikuwa kurasa sita. Mimi nilisoma ya kwanza na ya mwisho ya kuweka sahihi. Na kwetu hapa, jambo likisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakanyoosha mikono, mtendaji akagonga muhuri, limefika. Shamba hugawanywa hivyo, ugomvi wa mifugo humalizwa hivyo. Basi miaka mitatu mfululizo niliandika taarifa, nikasimama mkutanoni nikaisoma yote, ikagongwa muhuri, nikaifungia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda changu. Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza sheria.

Mtendaji wetu wa kijiji, Mzee Athumani, ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari wa mikutano hiyo. Anaandika taratibu mno, kila neno. Mkutano unasimama kumsubiri. Watu walikuwa wakimtania, "Mtendaji, andika na inzi aliyepita!" Nikiri mbele zenu, nami nilikuwa nacheka, tena kwa sauti.

Ndipo barua ikaja. Ilisema shirika letu halijawasilisha taarifa kwa miaka mitatu, na kwamba tujieleze ndani ya siku thelathini kwa nini lisifutwe kwenye rejista. Niliisoma mara nne nikitafuta mahali walipotuonea. Sikupaona. Barua ilikuwa ya haki.

Tukakutana. Mwenyekiti wetu, Mama Rehema, hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alisema tu, "Katibu, mwenye kalamu ni wewe. Tueleze." Wote tulijua likifutwa shirika, bweni linafungwa. Yupo binti mmoja, nitamwita Salome, kidato cha tatu. Baba yake alikuja akaniambia kwa upole kwamba bweni likifungwa atamrudisha nyumbani, na kwamba wapo watu waliokwisha kuulizia habari za ng'ombe wa mahari. Nisimseme vibaya. Ni yeye aliyemleta mwenyewe kwa miguu, na godoro kichwani. Alisema, "Mama, huku karibu na shule mimi sina pengine pa kumweka."

Nikaenda kufungua sanduku nichukue zile taarifa. Ndugu zangu, mchwa! Walipanda kutoka sakafuni, wakala chini ya sanduku, wakala karatasi zote. Nilishika gamba la udongo lenye kipande cha muhuri, basi.

Nilifunga siku mbili, niliomba. Lakini niseme ukweli, katikati ya maombi hayo lilinijia wazo la kuziandika upya kutoka kichwani. Nani angejua? Nikakaa mezani mchana, nikaandika, "Mwaka wa kwanza tulikuwa na wasichana tisa." Kalamu ikasimama. Walikuwa tisa au wanane? Sikujua. Na kama sijui hilo, mengine yote ningeyatoa wapi? Nikaona nilikuwa natunga uongo na kuuita taarifa. Nikachana ile karatasi, nikajifunga kanga, nikaenda ofisi ya kijiji. Sikwenda na tumaini. Nilikwenda kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mchwa wamekula.

Nilimwamkia Mzee Athumani, nikamweleza. Akafungua kabati la chuma, akatoa kitabu kikubwa cha muhtasari, akalamba kidole, akafunua.

Humo, ndugu zangu, zilikuwamo! Taarifa zote tatu, neno kwa neno, kama nilivyozisoma. Wasichana walikuwa wanane. Magodoro, vyandarua, aliyeugua akapelekwa zahanati, siku tuliyoezeka bati. Hata mahali nilipokosea kusoma nikarudia, kaandika "katibu amejisahihisha." Nikakaa kwenye benchi. Nilimwambia sikujua kama ameandika yote.

"Si mlikuwa mnacheka," akasema. "Hata kikohozi chako kimo, Mama Tabitha. Mwaka wa pili ulikohoa mara mbili."

Hapo nilicheka na machozi yakitoka. Yule tuliyemfanya kichekesho, ndiye Bwana aliyemtunzia neno letu! Yeye ni Mwislamu, mimi mlokole, na sikuona siku ile Mungu akiuliza hilo.

Lakini alifunua ukurasa mwingine, akaweka kidole, akaniacha nisome mwenyewe. Mwaka wa pili, baada ya taarifa, mwananchi mmoja aliuliza kama inapelekwa na wilayani. Katibu alijibu, "Itapelekwa." Katibu ni mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilijisahaulisha, sijui hata leo. Kumbe niliulizwa, nikaahidi, sikuuliza ni wapi wala vipi.

Mzee Athumani akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuninakilia taarifa peke yake, na huo ukurasa hauna haja ya kusafiri.

Nilitamani kukubali. Mungu anajua nilivyotamani. Nikifikiri juu ya Salome, nilisema moyoni kwamba aibu yangu si kitu cha kumfungia mtoto shule. Lakini nilikuwa nimechana uongo mmoja mchana, ningewezaje kubeba mwingine jioni? Nikamwambia, "Mzee wangu, nakili vyote." Alinitazama, akachukua kalamu. Ilimchukua siku tatu. Safari hii hakuna aliyemharakisha.

Tulikwenda wilayani, Ikungi, mimi na Mama Rehema. Afisa wa maendeleo ya jamii ni binti mdogo, alituamkia vizuri. Alisoma kimya, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye lile neno "itapelekwa" alirudi nyuma akasoma tena. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

"Hili jibu lilikuwa lako, mama?"

Nikasema ni langu.

Akasema, "Watu wanaoficha hawaniletei ukurasa huu."

Hakutupa ushindi siku ile, niwe mkweli. Alisema uamuzi si wake, ni wa Msajili. Alitukaripia, na alistahili. Lakini alikaa nasi mbele ya kompyuta, akatufundisha kuingiza taarifa kwenye mfumo, mtandao ukikata tukisubiri, ukirudi tukiendelea, mpaka zote tatu zikaenda. Akaandika na barua yake, akaambatisha nakala za Mzee Athumani pamoja na ule ukurasa.

Jibu limefika jana. Tumepewa onyo, nalo ni halali yetu. Shirika limebaki kwenye rejista!

Ndugu zangu, sielewi, naogopa kwa furaha. Jambo nililodhani litatumaliza ndilo lililofanya tuaminiwe. Huenda mwenye elimu ataeleza vinginevyo, mimi naeleza nilichoona. Wewe uliye na kosa ulilolifungia sandukuni, mwamini Bwana, ulitoe na ukurasa wake mbaya. Yeye hashindwi na ukweli. Na wenye vikundi, someni kurasa zote sita.

Nimeishia hapo, sijui kama nimeeleza sawa. Jioni hii wasichana wote kumi na mmoja wamekuja kula kwangu: ugali wa uwele, mlenda, na jogoo mmoja tuliyemgawana vipande vidogo. Salome aliongeza ugali mara mbili.