Lammert Oosting na Mbao za Mferejini

Mjomba wetu Lammert Oosting alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa kijijini Gasselte, Uholanzi, kifungua mimba wa Jan na Aaltje Oosting. Alisoma shule ya msingi ya kijijini, kisha miaka miwili ya kilimo mjini Assen. Huko alifundishwa kwamba mkulima bora huondoa maji shambani upesi. Aliamini hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1976 alirithi shamba la baba yake, akalima viazi na shayiri. Kila Novemba, wakaguzi wa mifereji walipopita, mfereji wake haukuwa na jani hata moja. Tarehe 12 Mei 1978 alimwoa Hillechien Wiering, wakajaliwa binti mmoja, Roelfien.

Kiangazi cha 2018 mvua ilikatika. Viazi vilitoka vidogo kama gololi, na upepo ukaleta mchanga hadi jikoni. Roelfien, ambaye alikuwa mwalimu Assen, alimwambia wazi: "Baba, ukiniachia vumbi hili, nitaliuza."

Vuli hiyo aliziba mfereji kwa mbao ili maji yabaki. Harm, shemeji yake na jirani, alisimama ukingoni akicheka.

"Shemeji, umechanganyikiwa? Maji yanatakiwa yaende baharini!"

"Bahari inayo ya kutosha, Harm."

Hakupatia mara moja. Mwaka 2021 mvua zilizidi, naye, kwa furaha ya kuona mfereji umejaa, alichelewa kutoa mbao. Hekta tatu za viazi zikaoza. Kosa hilo alilisimulia mwenyewe, kwenye kahawa baada ya ibada, kabla Harm hajapata nafasi. Tangu hapo alipima maji kila asubuhi kwa fimbo yenye alama, akaongeza ubao au akatoa. Pia aliacha kulima kabla ya baridi, akapanda majani ya kufunika udongo.

Mwaka 2022 ukame ulirudi. Jumapili moja Roelfien alichukua koleo akachimba katikati ya viazi. Aliushika udongo kwa muda. Ulikuwa na unyevu.

"Siuzi," alisema. "Ila mbao nitazishika mimi. Wewe unapenda maji mno."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kudhoofika. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba kurudi nyumbani. Januari mwaka huu wa 2025 alitia saini, shamba likawa la Roelfien. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Hillechien akiwa kando yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Roelfien hakuwepo chumbani. Alikuwa mferejini akitoa ubao wa juu. Mjomba ndiye aliyemwambia aende.

Ameacha mke, binti na mkwewe Bert, wajukuu wawili, dada yake Grietje, na sisi wapwa watano. Mungu ampumzishe.