Nani Kaiba Lulu?

Pale Bermondsey, mtaa wa kando ya mto, kona ya viwanda vya ngozi, kuna benchi kando ya kibanda cha kahawa cha Bi Hester. Uvundo tumeshauzoea, puani hauingii tena. Kila Jumamosi asubuhi Obadia, tunayemwita Jaji, huja na gazeti la hadithi, maana ndiye pekee anayesoma bila kukwama. Wiki hiyo, katika hadithi, lulu za bibi mmoja tajiri zilikuwa zimeibwa. Mpelelezi kafunga mlango, anataka kumtaja mwizi, hadithi ikakatwa mpaka wiki ijayo. Fujo ikaanza.

JAJI: Mtumishi wa ndani huyo. Siku zote ni mtumishi.

SILAS: Acha uzushi, mzee. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi ni fundi cherehani!

MIMI: Na mchungaji je? Anakula keki kama hana kesho.

BI HESTER: Nyie hamna akili. Kasuku kazimeza.

JAJI: Lulu arobaini?

BI HESTER: Subira yavuta heri. Alimeza mojamoja.

Tukacheka, isipokuwa Silas. Nduguye Amos aliokotwa mtoni majira ya baridi, kichwa kimepasuliwa. Askari alikuja, akaandika jina, akaenda zake. Basi.

JAJI: We Silas, kama hucheki, kila Jumamosi unafuata nini?

SILAS: Namfuata yule mpelelezi. Kule hadithini kitu kikipotea, kuna mtu anapiga magoti kukitafuta.

Hapo akatokea Keziah, binti wa jirani yangu, kabeba kisanduku chake. Alikuwa mtumishi kwa mfanyabiashara mmoja ng'ambo ya mto.

BI HESTER: Mwanangu, leo umepewa mapumziko?

KEZIAH: Nimefukuzwa, Mama. Bimkubwa alisema nimeiba pini yake ya dhahabu. Naye anasoma magazeti hayohayo.

JAJI: Na hiyo pini?

KEZIAH: Imeonekana jana, nyuma ya mto wa kiti.

JAJI: Si umesafika basi! Watakurudisha.

KEZIAH: Wameshachukua mwingine. Na barua ya kunisifu hawatoi, na bila barua hakuna nyumba itakayonipokea.

Silas akampisha benchini. Keziah hakukaa.

KEZIAH: Mzee Obadia, wewe umesoma nyingi. Mtumishi akishaonekana hana kosa, huwa anakwenda wapi?

Jaji alilikunja gazeti. Amesoma hadithi hizo miaka kumi na mmoja, na hakukumbuka hata moja iliyomfuata mtumishi mpaka nje ya mlango.