Bi Oleta na Jumatatu ya Kulungu

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Februari, Bi Oleta Crislip anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa karani wa juri katika mahakama ya Kaunti ya Tarkiln. Ofisi imeniomba niandike maneno mawili matatu ya kumuaga, yachapwe kwenye ratiba ya sherehe, na imeniomba yawe ya kuchangamsha. Nitajaribu. Mimi ni Dorsey Sponaugle, askari wa mahakama hiyohiyo, nimesimama ukumbini miaka mingi mpaka magoti yamegoma, na uchangamfu uliobaki mwilini mwangu si mwingi.

Kwa wageni wa sherehe wasioijua kazi yake, karani wa juri ndiye anayewaita raia waje kuketi na kuamua kesi. Jaji ana joho, mawakili wana maneno mengi kupita kiasi, lakini pasipokuwa na watu kumi na wawili wa kawaida, yaani muuza matairi, mwalimu, bibi mwenye kuku wake, kesi haisikilizwi. Mshtakiwa anarudishwa mahabusu akasubiri tena. Kazi ya Bi Oleta ilikuwa kuwapata hao watu, na hao watu, jamani, hawapatikani kirahisi.

Alianza kazi chini, kwenye ofisi ya hati za mashamba, akichapa na kupanga mafaili. Siku moja karani wa juri wa wakati huo alitoka kwenda kula chakula cha mchana, akala, akapanda gari, akahama kaunti. Bi Oleta akaambiwa apande juu ashike nafasi kwa wiki moja tu. Hiyo wiki ndiyo inayoisha Ijumaa.

Visingizio alivyosikia vingejaza debe. Kuna bwana mmoja alimleta mbwa wake mpaka kaunta ili Bi Oleta ajionee mwenyewe jinsi mnyama huyo asivyoweza kuachwa peke yake. Kuna mama alijibu wito kwa mwandiko safi kabisa kwamba yeye ameshafariki, akaweka na sahihi. Bi Oleta alimpigia simu akampa pole ya msiba, kisha akamwambia marehemu afike Jumatatu saa mbili asubuhi. Alifika, na aliketi kwenye kesi nzima bila kulalamika.

Halafu kuna visu. Huku kwetu mwanamume hatoki nyumbani bila kisu cha mfukoni, na akifika mlangoni kwangu ndipo anakumbuka kwamba visu haviingii mahakamani. Badala ya kurudi nacho kwenye gari, anakifukia kwenye bustani ya maua pale nje, eti atakichukua jioni. Jioni anasahau ni ua lipi. Kila majira ya machipuko mtunza bustani wetu anavuna visu, na Bi Oleta ndiye aliyekuwa akiwapigia wenyewe simu mmoja mmoja.

Hotuba yake ya Jumatatu asubuhi naijua kwa moyo, na kwa kuwa hatutaisikia tena, naiweka hapa. "Karibuni, kaeni. Humu hamna aliyeshtakiwa, kwa hiyo kunjueni nyuso. Barua mliyoipata si ya kampeni wala ya mkopo, ni amri ya mahakama, na aliyeitupa jalalani atatafutwa. Mgonjwa, mwenye mtoto anayenyonya, mwenye mzee wa kuuguza, aniambie mapema, tutampa siku nyingine. Bosi wako hana ruhusa ya kukufukuza kazi kwa sababu uko hapa, na akikutisha niambie mimi. Wakili akikuuliza unamjua nani katika kesi hii, sema kweli, hata kama ni shemeji yako mliyegombana. Sheria huhitaji kuijua, jaji atakueleza. Wewe leta masikio na akili ya kawaida. Kesi usimsimulie mtu mpaka iishe, si mkeo, si kinyozi, si huko kwenye simu. Mtu akikupigia kusema hukufika juri kwa hiyo umtumie faini sasa hivi, huyo ni tapeli, mkatie. Mwisho, leteni sweta. Chumba hiki nimekililia miaka nenda miaka rudi na hakipati joto."

Alikuwa na sababu ya kusema yote hayo. Kuna mzee, tena mtu mwema sana, alitoka wakati wa mapumziko ya mchana akaenda mwenyewe na futi kamba kupima upana wa daraja lililotajwa kwenye kesi, akarudi akawatangazia wenzake vipimo. Alidhani anasaidia. Wanajuri hawaruhusiwi kujitafutia ushahidi, wanaamua kwa kile walichokisikia wote pamoja ukumbini, basi kesi ya wiki nzima ikavunjika palepale. Mzee alilia, na Bi Oleta akaketi naye kwenye benchi mpaka akatulia.

Lakini kama nimeruhusiwa kusimulia siku moja tu, nitasimulia ile ya Jaji Renshaw. Jaji huyu alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka mjini, mtu mpole, msomi, na akapanga kesi ya Kaylin Teets isikilizwe Jumatatu ya wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Mtu wa milima hii haelezwi ubaya wa siku hiyo. Ndiyo siku msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Shule zinafungwa, duka la matairi linafungwa, hata mchungaji anakatisha mahubiri Jumapili inayotangulia ili watu wawahi kulala.

Bi Oleta alimwendea ofisini. "Mheshimiwa, siku hiyo hata nikiita kaunti nzima sitapata juri."

Jaji akatabasamu. "Sheria haina msimu, Bi Crislip."

"Kulungu wanao, Mheshimiwa."

Jaji alidhani ni utani, akaiacha tarehe ilivyo.

Sasa huyo Kaylin. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani, anashtakiwa kuchoma ghala la mwajiri wake baada ya kufukuzwa kazi. Dhamana hakuiweza, kwa hiyo alikuwa mahabusu tangu machipuko. Kesi yake ilishaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza mabomba ya mahakama yalipasuka, mara ya pili raia hawakutosha. Mwendesha mashtaka alikuwa amempa njia ya mkato: akiri kosa, aende nyumbani siku hiyohiyo akiwa na doa la uhalifu maisha yake yote. Akikataa, na kesi ikiahirishwa tena, angekaa ndani mpaka baridi yote iishe.

Jumatatu ikafika. Walioitika wito hawakujaza hata benchi mbili, na mmoja wao alikuwa binamu wa mwenye ghala. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni na Kaylin na wakili wake, Bwana Nestor, Bi Oleta anatuletea kahawa, binti aliposema, "Waambie nakubali."

"Si ulisema hukuchoma?" wakili akamuuliza.

"Sikuchoma. Ila nimechoka. Nikikiri, leo nalala kwetu. Nisipokiri, narudi kulala kule mpaka theluji iyeyuke. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mimi ningekuwa yeye ningekiri hata kuchoma mahakama yenyewe. Bi Oleta akaweka kahawa chini. "Mwanangu, usiseme neno. Nipe mpaka saa sita mchana."

"Kwani wewe unaamini sikuchoma?"

"Sijui, na si kazi yangu kujua. Kazi yangu ni kukuletea watu watakaoamua."

Akapanda moja kwa moja kwa jaji. Sheria yetu inasema raia wasipotosha, jaji anaweza kuwatuma maaskari wakawaite watu wazima popote walipo. Ruhusa hiyo ilikuwa haijatumika tangu enzi za marehemu baba yangu. Jaji aling'aka. "Unataka nikamate watu barabarani?"

"Si kuwakamata, Mheshimiwa, ni kuwaita. Tofauti iko kwenye mdomo wa anayeita, na hilo niachie mimi."

Jaji aliweka sahihi, na tukaondoka na gari la sherifu, mimi nikiendesha, mpaka nyuma ya duka la vyakula vya mifugo ambako wawindaji hupeleka kulungu wao wapimwe uzito. Walikuwepo wengi, wamevaa fulana zao za rangi ya chungwa, wanakula mikate yenye soseji ya pepperoni ndani na kudanganyana. Katikati alikuwa Burl Arbogast, fundi wa mabomba, jitu zima, damu mpaka viwikoni, amesimama juu ya dume lake kama bwana harusi.

Bi Oleta akawasomea amri ya jaji. Walicheka. Kisha wakaona hacheki.

"Oleta, una wazimu?" Burl akasema. "Leo?"

"Leo, Burl."

"Mwaka mzima nimeisubiri asubuhi hii!"

"Kuna mtu amesubiri tangu machipuko, tena yeye hana kahawa wala mkate."

"Kesi gani hiyo?"

"Utaijua ukishakaa."

"Basi mimi siye niliyemfunga."

"Hukumfunga wewe," Bi Oleta alisema. "Ila usipokuja, utakuwa umesaidia kumfunga."

Niliona uso wa Burl ukibadilika. Alitukana kidogo, tusi ambalo haliwezi kuingia kwenye ratiba ya sherehe, akajifuta mikono, akamgeukia jirani yake. "Nitundikie huyu. Na nikikuta umegusa minofu ya mgongo, tutakutana na wewe mahakamani." Alipopanda gari lake, wengine nao wakaanza kupanda magari yao, wakinung'unika.

Pale mlangoni niliwatoa risasi mifukoni kama karanga. Ukumbi ulinuka sufu iliyolowa na damu ya mnyama, na Jaji Renshaw, nampa heshima yake, hakukunja pua. Mawakili waliwauliza maswali yao, wakawaondoa waliomjua mwenye ghala, na kabla ya saa sita viti vya juri vilikuwa vimejaa watu wa rangi ya chungwa. Kaylin aliwatazama muda mrefu. Kisha akamwambia wakili wake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hakiri.

Kesi iliwachukua siku tatu nzima za msimu. Shahidi mkuu wa mwendesha mashtaka alisema alimwona Kaylin kwa macho yake akikimbia kutoka ghalani wakati wa magharibi, jua limeshazama, yeye akiwa ng'ambo ya konde la mahindi. Yote yalipokwisha na juri ikawa huru kuzungumza, Burl alinieleza kilichotokea kwenye chumba cha juri. "Dorsey, magharibi, umbali ule, mimi sijui hata kama ni kulungu au ndama wa jirani. Ndiyo maana tunaacha kupiga risasi giza likianza. Huyo bwana eti alitambua sura?" Alivua kofia akakaa kwenye ngazi. "Ningekuwa msituni, yule mtoto angekuwa ameshakiri." Alikuwa analia, naye si mtu wa kulia.

Nikisema siku ile ilitubadilisha nitakuwa nadanganya. Jumatatu iliyofuata tuliita watu na nusu hawakuja. Mpaka leo nusu hawaji. Bi Oleta aliendelea kuita, mwaka baada ya mwaka, na kuna jioni nilimkuta ameegemeza kichwa juu ya kaunta, amechoka hata koti hajavaa. Tulichoka sote, na sioni haya kuyaandika hayo siku ya sherehe.

Bi Oleta, asante. Kalale mpaka jua likukute kitandani, na simu ikilia usiipokee. Tunakutakia afya, jiko lenye moto, na miaka mingi ya kutomuita mtu yeyote ila wajukuu waje kula. Nilipoulizwa ni kitu gani cha kumalizia, nimeona nimalizie na kile ambacho wewe hukupenda kukisimulia. Jaji aliposoma kwamba Kaylin Teets hana hatia, binti hakupiga kelele wala hakumkumbatia mtu. Alisimama pale katikati ya ukumbi, maana miezi yote ile alikuwa akiingizwa na kutolewa kwa mlango wa nyuma, akakutazama wewe akauliza, "Sasa nipite mlango upi?"

Ukamshika mkono. "Wa mbele, mwanangu," ulimwambia, na mkatoka naye.